Kipimo cha Kinywaji na Kipimo cha Mnywaji

Kila mwaka, vyuo vikuu vinapokaribia kufungua milango yake, bandari ya Malindi hapa Unguja hushuhudia jambo ambalo limekuwa la kawaida mno hata hatulitazami tena. Kijana wa miaka 19 au 20 husimama katika foleni ya boti ya Dar es Salaam, begi begani na vyeti vyake ndani ya bahasha, na kando yake wamejipanga mama, shangazi na mjomba aliyeomba ruhusa ya nusu siku kazini. Wengine wao wametoka Pemba, na hiyo ni bahari yao ya pili katika wiki moja. Kijana hupewa nasaha: asome, asali, asifuate makundi, asisahau alikotoka. Naye huitikia kwa adabu, hubusu mikono ya wazee wake, akapanda. Jioni ile ile au siku chache baadaye huwa amekwisha kuingia katika dakhalia ambamo hamna hata mtu mmoja amjuaye kuwa yeye ni mtoto wa nani.

Nasaha zile ni njema, wala sisi hatuna nia ya kuzitia dosari. Lakini zina upungufu mmoja. Zinamwambia kijana asifanye nini, bali hazimuulizi yeye ni nani. Na usiku ule ambapo mwenzake wa chumba atamsogezea chupa mezani, huku wenzake wengine wanne wakimtazama na kucheka, swali atakaloulizwa halitakuwa juu ya pombe. Litakuwa juu ya nafsi yake.

Tumeamua kuitumia safu hii leo kulizungumza jambo hilo kwa sababu kila panapotokea msiba au fedheha ya ulevi katika vyuo, sisi wananchi hulalamika, na wakubwa wanaohusika hutoa onyo au amri. Kisha hunyamaziwa mpaka msiba mwingine. Kati ya malalamiko na amri, aghalabu hakuna anayeuliza: tunapima nini, na tunampima nani? Rai yetu ni hii: kupima kinywaji bila ya kumpima mnywaji ni kupima nusu, na kupima chochote kile bila ya kuaminiana ni kuharibu karatasi.

Na tuanze na maneno tunayoyajua sote. Katika matangazo ya bia nchini mwetu huandikwa kwamba kinywaji hicho hakiuzwi kwa walio chini ya umri wa miaka 18, na kando yake huwekwa maneno mawili: "Kunywa kistaarabu". Inafaa tuyatazame maneno haya. Ustaarabu, kwa watu wa visiwa hivi, ni neno zito. Wazee wetu walilitumia kwa mtu anayejua kusema na kunyamaza, kuvaa na kuketi, kumkaribisha mgeni na kumstahi jirani. Kwa ufupi, ustaarabu ni namna mtu anavyojijua na anavyojulikana. Sasa neno hilo limebandikwa kwenye chupa, lakini chupa haisemi ustaarabu unakomea kwenye glasi ya ngapi, wala haisemi mstaarabu ni nani. Anayeuza amelitaja jambo kubwa kisha akamwachia mnunuzi alitafutie maana mwenyewe, na mnunuzi huyo pengine ana miaka 19 na yuko mbali na kwao kwa mara ya kwanza.

Wako waliojaribu kulipatia neno hilo hesabu. Huko Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi, serikali ilipitisha sheria mwaka 1984 iliyoyanyima majimbo sehemu ya fedha za barabara endapo yangeruhusu watu wa chini ya miaka 21 kununua pombe. Majimbo yote yalifuata. Hata hivyo, mwaka 1993 Henry Wechsler wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwauliza wanafunzi 17,592 wa vyuo 140, wakakuta kwamba asilimia 44 walikuwa wamekunywa kwa kupindukia katika wiki mbili zilizotangulia. Kupindukia, kwa hesabu yao, ni vipimo vitano mfululizo kwa mwanamume na vinne kwa mwanamke. Sheria ilikuwapo, nayo ilikuwa na manufaa yake barabarani, lakini ilipofika mlangoni mwa bweni ilisita.

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kilitayarishwa na Shirika la Afya Duniani, nacho kina uhusiano wa karibu na sisi kuliko wengi wanavyodhani. Hujulikana kwa jina la AUDIT, na kilitengenezwa kwa kuwahoji wagonjwa katika nchi sita: Norway, Australia, Bulgaria, Mexico, Marekani, na jirani zetu wa Kenya. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1993. Ni maswali kumi tu. Matatu ya mwanzo yanauliza mtu anakunywa mara ngapi na kwa kiasi gani. Matatu ya kati yanauliza kama kinywaji kimeanza kumtawala. Na manne ya mwisho yanauliza madhara: majuto, kusahau yaliyotokea, kuumiza au kuumia, na kama ndugu, rafiki au daktari amewahi kumtaka apunguze. Kila swali lina alama tangu 0 hadi 4, na jumla yake ni 40. Anayefikisha 8 huhesabiwa kuwa amekwisha kuingia katika hatari. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya kuijaribu tafsiri ya Kiswahili ya maswali hayo kwa majeruhi wa kichwa waliotibiwa mjini Moshi. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba chombo hiki ni kigeni kabisa kwetu.

Lakini chombo chochote kina mambo yake, na afisa atakayekitumia hana budi kuyajua. Kipimo kimoja cha kinywaji katika AUDIT kina kiasi cha gramu 10 za kilevi halisi. Wamarekani wao huhesabu gramu 14. Tuchukue chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5, ambayo si ngeni katika maduka ya bara. Ndani yake mna mililita 25 za kilevi, na uzito wake unakaribia gramu 20. Basi msichana anayejaza fomu kwamba alikunywa "chupa tatu" amekunywa, kwa hesabu ya AUDIT, vipimo vinavyokaribia sita. Na kwa hesabu ya Marekani zaidi ya vinne, yaani amekwisha kuuvuka mpaka wa Wechsler, ilhali mwenyewe anaamini kwa moyo safi kwamba alikunywa tatu tu na kwamba alikunywa kistaarabu. Na hapo bado hatujataja tembo la mnazi, ambalo likigemwa asubuhi huwa tamu na jioni huwa kali, wala gongo ambayo nguvu yake haijui hata aliyeipika. Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba Machi 2017 kwa sababu wakubwa walitambua kwamba kileo kinachouzwa kwa bei ya peremende na kufichika mfukoni hakiwezi kupimwa na mzazi wala mwalimu.

Hicho ndicho kipimo cha kinywaji, nacho kina faida. Lakini kinatueleza mkono umefanya nini. Hakituelezi mkono ule ni wa nani.

Swali hilo la pili lilipata kusemwa kwa uzito na Erik Erikson, mtaalamu wa saikolojia aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 na kufariki Marekani mwaka 1994. Maisha yake mwenyewe yalikuwa ni somo. Baba yake mzazi hakumjua; alikua kwa jina la baba wa kambo; na alipopata uraia wa Marekani alijichagulia jina jipya la ukoo. Mtu wa namna hiyo alikuwa na haki ya kuuliza kijana huwaje yeye. Katika kitabu chake cha mwaka 1968 juu ya vijana na utambulisho wa nafsi alieleza kwamba ujana ni wakati wa kuyakusanya yote uliyopewa, jina, dini, ukoo, taifa, na kuyafanya yawe yako, ama kuyaacha yakatawanyika.

Kabla ya kitabu hicho kutoka, mwaka 1966, James Marcia aliyageuza mawazo ya Erikson kuwa mahojiano yanayoweza kupimwa. Aliwauliza wanafunzi 86 wa kiume wa chuo juu ya kazi wanayoikusudia, dini na siasa. Kwa kila jambo alitafuta mambo mawili: je, kijana amewahi kulichungua na kutaabika nalo? Na je, ameshika msimamo? Kwa majibu hayo aliwagawa vijana katika makundi manne. Wako waliotafuta wakafika. Wako ambao wangali wanatafuta. Wako waliopokea, yaani walioshika msimamo wa wazazi wao bila ya kuuchungua. Na wako waliotawanyika, ambao hawana msimamo wala hawautafuti. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1986, Layne Bennion na Gerald Adams walitoa hojaji yenye sentensi 64 inayopima mambo hayo hayo, wakaongeza urafiki, uchumba, nafasi ya mwanamume na mwanamke, na namna mtu anavyotumia wakati wake wa mapumziko.

Sasa tuviweke vipimo viwili hivi kando kwa kando. Mwaka 1988 Randall Jones na Barbara Hartmann walichapisha uchunguzi wao juu ya vijana wa skuli huko Marekani. Walikuta kwamba waliotawanyika ndio walioelekea zaidi kujaribu vileo na dawa za kulevya, na waliopokea ndio waliojaribu kwa uchache zaidi.

Tunajua baadhi ya wasomaji wetu watafurahi kusikia hivyo, na watasema: basi na tuwaache watoto wetu wabaki katika kundi la waliopokea, wasichungue, na mambo yatakuwa salama. Tunawaomba wasiharakishe. Vijana wa skuli aghalabu huishi kwao, chini ya dari ya wazazi, katika mtaa ambao kila mtu ni shangazi wa kila mtoto. Msimamo wa kupokewa una nguvu maadamu aliyeutoa yuko karibu. Boti ikishang'oa nanga, msimamo huo husafiri peke yake.

Hapa ndipo ulipo moyo wa hoja yetu. Wako vijana wawili wasiokunywa. Mmoja akiulizwa husema, "Kwetu hatunywi." Wa pili husema, "Mimi sinywi, na najua kwa nini." Katika kipimo cha AUDIT wote wawili wanapata sifuri, na afisa wa takwimu atawaandika katika mstari mmoja. Katika usiku ule wa kwanza wa dakhalia si watu wa mstari mmoja. Wa kwanza hajapata kukataa. Alikuwa tu hajapewa. Atakapopewa, na wale aliowaita "kwetu" hawapo, atatazama nyuso zilizo mbele yake na kuuliza "kwetu" sasa ni wapi. Wa pili anaye mwenyeji ndani ya nafsi yake. Hatusemi kwamba urithi ni aibu. Wengi wetu tuliyonayo yaliyo mema tumeyarithi. Tunasema kwamba urithi usiopata kufunguliwa na kutazamwa na mrithi wake huibiwa kwa wepesi. Wazee walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini ili mtu asiuache mbacha wake, hana budi kwanza kuujua kuwa ni wake.

Watafiti wa hivi karibuni wamelikaribia jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 2013 Kristen Lindgren na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha matokeo ya jaribio linalofanywa kwa kompyuta. Mwanafunzi huyapanga maneno kwa haraka: yanayomhusu yeye na yasiyomhusu, yanayohusu mnywaji na yasiyohusu mnywaji. Kasi ya vidole vyake huonyesha ni kwa wepesi gani akili yake huunganisha neno "mimi" na neno "mnywaji". Iligunduliwa kwamba muungano huo una uhusiano na kiasi anachokunywa na matatizo anayopata, hata baada ya kuhesabiwa mambo mengine. Maana yake kwa lugha nyepesi ni hii: kuna siku ambapo kijana anakunywa, na kuna siku ambapo anakuwa mnywaji, na siku ya pili ni ya hatari kuliko ya kwanza. Kitendo kimegeuka kuwa jina.

Tena kuna uongo unaosaidia kugeuza kitendo kuwa jina, nao ni uongo usiosemwa na mtu yeyote. Mwaka 1986 Wesley Perkins na Alan Berkowitz walionyesha kwamba wanafunzi wa chuo kimoja katika jimbo la New York waliwadhania wenzao kuwa wanaukubali ulevi kuliko walivyoukubali kweli. Kila mmoja alijiona peke yake kuwa ndiye mwenye hadhari. Kutoka hapo vyuo vingi vilibandika matangazo ya kuwaambia wanafunzi ukweli juu ya wenzao. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali: tathmini ya Wechsler ya mwaka 2003 haikuona kupungua kwa ulevi katika vyuo vilivyotumia njia hiyo, ilhali jaribio la vyuo 18 lililochapishwa mwaka 2006 liliona faida. Sisi twaona funzo moja lisilobishaniwa: tangazo ukutani halitoshi. Lakini dhana ile twaijua hata huku. Mwanafunzi anayetoka visiwani hukaa kimya akidhani chumba kizima kinamcheka, kumbe pembeni yake kuna mwingine wa Lindi, wa Kondoa au wa Kigoma, anayekaa kimya kwa dhana iyo hiyo.

Hatutaki msomaji adhani kwamba tumevipokea vipimo hivi kama mtu anavyopokea chanjo. Marcia alianza na wanafunzi wa kiume peke yao, katika nchi ambayo kijana hutarajiwa kujitenga ili ajulikane. Kwetu sisi mtu hujulikana kwa watu wake, na mwenye kushauriana na wazee kabla ya kuamua si mtu aliyeshindwa kukua. Hojaji itakayomhesabu kijana wa Micheweni au wa Makunduchi kuwa "hajatafuta" kwa sababu tu amesema "nitamuuliza baba" itakuwa imekosea tafsiri ya adabu. Kwa hiyo maswali hayana budi kuandikwa upya kwa Kiswahili cha wanaoulizwa, na wanaoulizwa washirikishwe katika kuyaandika. Anayeuliza juu ya "vinywaji vikali" katika mahali ambapo watu husema "ulevi" na "tembo" atajibiwa "sijui", na atairudisha fomu ofisini akidhani amepata jibu.

Kuna pingamizi kubwa zaidi, nalo tunalikabili kwa heshima. Wako wazee wetu watakaosema kwamba kuwauliza watoto wa Kiislamu juu ya ulevi ni kuwafundisha ulevi, na kwamba kusema "kunywa kwa kiasi" ni kukihalalisha kilichoharamishwa. Jibu letu ni kwamba swali halimnyweshi mtu. Mganga anayeuliza kama una homa hakupi homa. Na kwa yule asiyekunywa, sayansi ya leo haina la kumlaumu hata kidogo: wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliviweka vinywaji vyenye kilevi miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 1988, na Januari 2023 Shirika hilo lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Taarifa yake ya mwaka 2024 ilikadiria vifo 2,600,000 vilivyotokana na pombe duniani katika mwaka 2019, na vijana wa umri wa miaka 20 hadi 39 ndio walioathirika zaidi kwa uwiano. Asiyekunywa, basi, hana haja ya kuomba radhi mbele ya imani wala mbele ya maabara. Ila yuko pia mwenzake anayekunywa, naye ni mtoto wetu vile vile. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tukikataa kumuuliza kwa sababu tunaogopa jibu, tunakuwa tumeilinda heshima yetu sisi na kumwacha yeye.

Baada ya hayo, tunayo machache ya kuwaeleza waheshimiwa wanaoongoza elimu na afya, na wakuu wa vyuo vya pande zote mbili za bahari.

La kwanza ni siri. Fomu isiyo na jina isiwe na alama ya kichinichini ya kumtambulisha aliyeijaza, na jibu la mwanafunzi lisitumiwe kamwe kumfukuza dakhalia, kumnyima mkopo au kumpeleka mbele ya kamati ya nidhamu. Afisa atakayeivunja ahadi hiyo mara moja tu atakuwa ameviua vipimo vyote vya miaka kumi ijayo, kwani wanafunzi watajibu sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho, na sisi tutazisoma sifuri hizo kwa furaha huku tukiwazika vijana.

La pili, waulizwe wote, wanaokunywa na wasiokunywa, na kila fomu iwe na sehemu mbili: ya kinywaji na ya nafsi. Tukijua ni wangapi wanaokunywa bila ya kujua wao ni nani hasa, tutakuwa kama mkaguzi wa meli anayehesabu maji yaliyoingia bila ya kutazama lilipo tundu.

La tatu, kipimo kifuatwe na mazungumzo. Katika Chuo Kikuu cha Washington, Alan Marlatt na wenzake walibuni utaratibu, na mwongozo wake ukachapishwa mwaka 1999, ambao mwanafunzi aliye katika hatari hukutana mara mbili tu na mtu aliyefunzwa. Mara ya kwanza husikilizwa na kupimwa. Mara ya pili huonyeshwa matokeo yake mwenyewe, kando ya picha ya kweli ya wenzake, bila ya kukemewa, kisha huulizwa yeye anaonaje. Utaratibu huo ulijaribiwa na kuonekana kupunguza kiasi kinachonywewa na madhara yake. Hauhitaji jengo wala mtambo. Muuguzi wa zahanati ya chuo, mlezi wa dakhalia na mwalimu mmoja mwenye subira wanaweza kufunzwa kazi hiyo.

La nne, matokeo yarudishwe kwa wanafunzi wenyewe, wala yasifungiwe kabatini yakasubiri semina. Na gharama ya kazi hii isilipwe na wauzaji wa vileo, kwani haifai mwenye duka kukabidhiwa mizani ya kumpimia mteja wake.

Ama kwenu ninyi wazazi wenzetu, neno letu ni fupi. Kijana anayeondoka asipewe amri tu. Apewe nafasi ya kusema. Aulizwe, angali nyumbani, kwa nini yeye hanywi, na aachwe ajibu kwa maneno yake hata yakiwa ya kubabaika. Akibabaika mbele ya mama yake hapotezi kitu. Aambiwe pia waziwazi kwamba iwapo atateleza, simu ya kwanza aipige nyumbani, na kwamba nyumbani haitapokewa kwa matusi. Wako vijana wengi waliozama katika ulevi kwa sababu baada ya kosa la kwanza waliamini kwamba wamekwisha kuwa walevi, na kwamba mlango wa kwao umefungwa. Jina walilopewa na aibu ndilo lililowamaliza, kabla ya pombe yenyewe.

Mwaka huu tena foleni itajipanga Malindi, na honi ya boti italia kabla mama hajamaliza nasaha zake. Akiwa na nafasi ya swali moja tu, tunamwomba asimuulize mwanawe kama ameweka vyeti. Amuulize, "Mwanangu, wakikuuliza wewe ni nani, utawajibu nini?" Na amsubiri ajibu, hata kama boti inamsubiri.